Ukuta wa Shamba la Vigae

Mjomba Suwedi alikataa kuvaa glavu. Zuwena alikuwa amempa jozi tatu, za pamba, za mpira na zile nyembamba za madaktari, na zote tatu zilibaki juu ya ndoo iliyopinduliwa, zimekunjwa vizuri, hazijaguswa tangu siku ya kwanza.

"Chokaa haishikwi kwa mpira," alisema. "Utajuaje imelala au iko macho?"

Alipitisha kiganja chake juu ya ukuta, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa na miaka sabini na moja, fundi chokaa wa Kajificheni, Unguja, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Wenyeji wa bonde la Uingereza alikoitwa kufanya kazi walikuwa wakilalamikia joto, na kwenye miteremko ambako mababu zao walilisha kondoo sasa yalisimama mashamba ya alizeti. Mjomba yeye alivaa masweta mawili na kofia ya sufu juu ya kofia yake ya kazi.

Walikuwa ndani ya shimo la kwenda kifuani, katikati ya shamba la Bi Enid Garland. Vizazi vitano vya ukoo wake vililiita Shamba la Vigae, kwa sababu kila jembe lilipopita liliibua vipande vya vigae vyekundu. Pale katikati palikuwa na kinundu. Babu yake aliwahi kuvunja plau mbili juu yake, akaapa kutokigusa tena, na tangu hapo kila mtu alilima kwa kukizunguka. Hata matrekta ya siku hizi, yanayojiendesha yenyewe, yalifundishwa kunyanyua majembe yakifika pale.

Chini ya kinundu kulikuwa na chumba. Kilijengwa enzi za Warumi, miaka elfu moja na mia saba iliyopita, na mtu mwenye mashamba na wasaa wa kupenda vitu vizuri. Sakafu yake ilikaa juu ya nguzo fupi za vigae vya mraba. Hewa ya moto kutoka kwenye tanuri la nje ilipita katikati ya nguzo hizo, wenye nyumba wakatembea pekupeku wakati wa theluji. Na upande wa magharibi ulisimama ukuta, bado umevaa lipu yake: wekundu chini, weupe juu, na katikati mstari wa kijani uliochorwa kwa mkono mtupu, bila rula, umenyooka kutoka kona hadi kona.

Siku ya kwanza Mjomba alizunguka chumba kizima, kisha akaomba kiti. Alikaa mbele ya ukuta ule mpaka alasiri.

"Nani aliwafundisha hawa?" akauliza hatimaye.

"Wengine walitoka Italia, mjomba. Wengi lakini walikuwa watu wa hapa hapa."

"Basi walikuwa wawili." Alinyoosha kidole. "Huyu wa kushoto mwanafunzi. Mwiko wake unakwaruza, ana haraka. Huyu wa kulia ndiye fundi. Na hapa katikati, tazama, fundi kapita nyuma ya mwanafunzi wake akamtengenezea. Hakuibomoa kazi yake. Kaigusa tu."

Zuwena alitazama. Alikuwa na shahada mbili na miaka tisa ya kusoma kuta, na hakuwa ameliona lile. Alipoonyeshwa, hakuweza tena kuona kitu kingine. Alijisikia mdogo na alijisikia furaha, vyote kwa pamoja.

Mjomba alipenda zaidi kigae kimoja cha sakafuni chenye nyayo za mbwa. Mbwa huyo alikatiza kiwandani kigae kikiwa bado kibichi. "Mtu mwingine angekitupa," alisema Mjomba akicheka peke yake. "Huyu kakichoma na mbwa wake ndani."

*

Chokaa iliyokandwa kwa maji haikauki tu kama udongo. Hunywa hewa. Siku baada ya siku huinywa hewa kidogo kidogo, kutoka juu kwenda ndani, mpaka inageuka tena kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuingia tanurini. Na sauti ni nini, kama si hewa inayotikisika? Chokaa ikinywa hewa, huinywa na mitikisiko yake. Kila lipu ya zamani ina tando juu ya tando, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani ya tando hizo mna maneno yaliyosemwa chumbani siku zile inakauka.

Jambo hili lilipogunduliwa ikatengenezwa mashine, ikaitwa Msikizi. Ni sanduku la kubebwa mkononi lenye mdomo wa mwanga. Mwanga hukwangua utando mmoja baada ya mwingine, na sanduku hutoa sauti. Kasoro yake ni moja. Palipokwanguliwa hapabaki. Lipu humwagika chini ikawa unga mweupe, na unga huo hausemi tena.

Dunia ilipagawa. Watu walisikiliza makasri, makanisa, misikiti ya kale, magereza. Kila mmoja alisema huu ukuta mmoja tu, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Ilipotimia miaka kumi na mitano, lipu za kale zilizobaki zimesimama zilikuwa chache kuliko mafundi wa kuzitunza, na mafundi wenyewe walikuwa wachache. Ndipo likaundwa Baraza la Kuta, likaweka sheria fupi: ukuta ukishafukuliwa una siku kumi. Ndani ya siku hizo msomaji mwenye leseni ama ausikilize, ama aufukie, na ukifukiwa usifunguliwe kwa miaka mia moja.

Zuwena naye alichovya. Alikuwa na miaka ishirini na sita na cheti kipya. Nyumba ya bibi yake kule Kajificheni ilikuwa na chumba cha biarusi chenye zidaka za chokaa, vishubaka vilivyochongwa kwa mikono ya babu yake Mjomba Suwedi. Mjomba alikuwa kazini Pemba. Zuwena aliazima Msikizi, akafunga mlango, akausikiliza ukuta wote. Alipata sekunde kumi na moja za mwanamke asiyemjua akimwambia mtu aondoe beseni njiani. Mengine yote yalikuwa mvumo.

Mjomba aliporudi alikuta unga sakafuni. Aliuzoa mwenyewe kwa ufagio na kizoleo, akautia kwenye gunia, akaondoka nalo. Idi ikaja, ikapita, Zuwena hakupewa mkono wake. Ikapita miaka tisa. Baraza lilipomtaka Zuwena atafute fundi wa kuutunza ukuta wa Shamba la Vigae, alimwandikia Mjomba kwa sababu hakumjua mwingine anayefaa, wala hakutarajia jibu. Lilikuja neno moja: Nakuja.

Tangu afike walikuwa wamezungumza chokaa, hali ya hewa na chakula. Zidaka hakuna aliyezitaja. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Zuwena alichunga ulimi wake.

*

Siku ya nane Bi Enid alikuja na chupa ya chai na mkate wa siagi. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mrefu, mwenye magoti mabovu na mikono ya mtu aliyefanya kazi. Alishuka ngazi ya shimo kinyumenyume akikataa kushikwa.

"Leo ndiyo leo?" akauliza.

"Leo ni kipande cha majaribio tu," alisema Zuwena. "Ukubwa wa ukucha. Tuone kama ukuta unasema."

"Na ukisema?"

"Kesho nausikiliza wote. Au tunaufukia."

Bi Enid aliketi juu ya ndoo, juu ya glavu zote tatu. "Nikwambie kitu. Tangu nikiwa msichana nimelima pembeni ya watu hawa. Nimeokota vigae vyao, nimemwaga chai yangu juu ya paa lao bila kujua. Sitaki hotuba. Nataka kumsikia hata mtu mmoja akikohoa, nijue kweli walikuwepo. Miaka mia mimi sina."

Zuwena alimtafsiria Mjomba. Mjomba aliinamisha kichwa kwa heshima, akammegea mama wa watu kipande kikubwa cha mkate wake mwenyewe.

Zuwena aliweka mdomo wa Msikizi kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, kwa yule mwanafunzi. Mikono yake ilikuwa imetulia. Kama ungemuuliza, angekiri kwamba alikuwa ameshaamua. Angeusikiliza. Sheria ilimruhusu, mwenye shamba alitaka, na yeye mwenyewe alikuwa na kiu ya sauti zile tangu alipouona mstari wa kijani. Safari hii angepata zaidi ya beseni.

Akawasha.

Mwanga ulikwangua. Sanduku likakoroma, kisha likasafika, na sauti ya mwanamume ikajaa shimoni, ya karibu kabisa, kama yuko nyuma yao.

"Asalaam alaikum, mafundi. Leo tena mie."

Kilikuwa Kiswahili. Bi Enid alimtazama Zuwena, Zuwena akamtazama Mjomba, na Mjomba akatazama viatu vyake.

"Nasema nanyi kwa vile saa hizi hapana mtu wa kuniona nimerukwa na akili," sauti iliendelea. "Kazi yenu nimeiona. Mashaallah, mikono. Na huyo wa kushoto msimcheke, mkono ulikuwa bado haujakaa. Mie pia ninaye wangu. Alikula ukuta wa babu yangu. Nilikasirika, wallahi, nilikasirika mpaka nikaumwa. Kisha hasira zikaisha, ikabaki haya. Miaka inakwenda, nisijue pa kuanzia. Alipoandika barua nikasema, Suwedi, ndiyo hapa. Nimekuja basi, na bado sijui pa kuanzia. Lakini mkono anao huyu mtoto. Akija na sanduku lake msimwogope."

Zuwena alielewa papo hapo, na alielewa pia kwamba kosa lilikuwa lake. Hakuna fundi wa Unguja anayeigusa chokaa kongwe bila kuinywesha kwanza. Huchota yale maji maangavu yanayotulia juu ya chokaa iliyolowekwa, akaipaka kwa brashi, ili iliyolegea ishikane. Kila asubuhi baada ya sala Mjomba alitangulia shimoni na kindoo chake. Zuwena alikuwa amemwona kwa macho yake, siku saba mfululizo, na hakushtuka, kwa sababu alikulia mbele ya brashi ile. Msaidizi kutoka kwingine kokote angepiga kelele. Maji yale yana chokaa ndani yake. Kila asubuhi Mjomba aliuvisha ukuta utando mpya mwembamba, na utando mpya ukakaa kusikiliza. Wakati huo mzee alikuwa akiuhadithia.

Alinyoosha mkono azime. Kabla hajafika, mwanga ulimaliza tando za Mjomba ukaingia kwenye zile za kale.

Kulisikika mwiko. Kwaru, kwaru, kwaru, kwa haraka. Ukasimama. Hatua mbili juu ya mbao. Kisha mtu, karibu sana na ukuta, akasonya.

Ulikuwa msonyo mrefu, wa meno, wa fundi aliyekuta kazi haijamridhisha. Ukafuatiwa na mwiko mwingine, wa polepole, unaopita mara moja tu. Zuwena akazima.

Mjomba alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ngazi. "Nilikwambia! Kapita nyuma yake!"

"Yule wa kwanza nimemjua, ndiye mzee huyu," alisema Bi Enid. "Wa pili je? Amesema nini?"

Zuwena alifuta macho kwa mkono wa koti lake. "Hakusema neno. Ni fundi. Hakuridhika."

Bi Enid aliinamia ukuta na kikombe chake mkononi. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Basi endelea," alisema. "Endelea, mwanangu, wako hapo hapo."

*

Walikuwa hapo hapo kweli. Unene wa ukucha tu uliwatenganisha. Kwenye ukuta mzima mlikuwa na siku kadhaa za maisha ya watu wale: ugomvi wao, nyimbo zao, pengine jina la mbwa. Hakuna mtu hai aliyewahi kupata ukuta unaosema waziwazi namna ile.

Zuwena alitazama kitundu alichokiacha. Unga mweupe ulikuwa umeanguka juu ya wekundu, na kidogo ulimwingia kwenye mkono wa koti. Aliukumbuka unga mwingine.

"Mjomba," alisema, "nifanye nini?"

"Mie nimekuja kuipaka chokaa," alisema Mjomba. "Leseni yako weye." Kisha akaona jibu lile ni kavu mno, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mashine yako ina umbea, lakini haikusema uongo. Lolote utakalolifanya, safari hii sitonuna."

Hilo ndilo lililomfanya akate shauri. Angesamehewa, na kwa sababu angesamehewa hakuweza kufanya. Alitazama mahali pale fundi wa kale alipopita nyuma ya mwanafunzi wake, akaigusa kazi bila kuibomoa, na akaona aibu kwamba yeye, katika ufundi wake wote, alijua kubomoa tu. Alifunga mdomo wa Msikizi kwa kifuniko chake.

"Siusikilizi, Bi Enid. Tutaufukia."

Bi Enid hakuelewa kwanza. Alipoelewa alisimama, chai ikamwagika. "Nina miaka themanini na mitatu."

"Najua."

"Umenionjesha halafu unaninyang'anya. Ni shamba langu."

"Ni shamba lako. Nisamehe. Nimewahi kuula ukuta mzima kwa sababu niliutaka, nikabaki na sekunde kumi na moja. Huu ukiisha hauna ndugu. Kuna mtu hajazaliwa bado, ambaye pengine atakuja na mashine isiyokwangua. Nataka aukute."

"Huyo mtu hakulima hapa," alisema Bi Enid. Alipanda ngazi bila kugeuka, goti kwa goti, na safari hii pia alikataa kushikwa.

Mchana ule Zuwena aliandika taarifa kwa Baraza. Hakumtaja Mjomba kwa ubaya. Aliandika kwamba ukuta ulipakwa maji ya chokaa asubuhi saba, kwamba msomaji aliona na hakuzuia, na kwamba kosa ni la msomaji. Alijua leseni huchukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Aliituma bila kuisoma mara ya pili, kisha akamsaidia Mjomba kuponda vigae.

*

Vilikuwa vipande vilivyovunjika siku nyingi, visivyo na kazi nyingine. Mjomba alivitwanga hadi vikawa ungaunga mwekundu, akauchanganya na chokaa, kama walivyofanya wale. Asubuhi ya siku ya kumi alimpa Zuwena mwiko mdogo.

"Kizibe weye."

"Mjomba, mkono wangu haujakaa."

"Ndiyo maana."

Zuwena alipiga magoti. Alilowesha kitundu, akatia chokaa, akaisukuma ndani kama alivyokuwa akiona utotoni, akasawazisha. Alijitahidi mno. Alipomaliza akarudi nyuma, Mjomba akainama kutazama, uso karibu na ukuta.

Akasonya.

Walitazamana. Halafu Mjomba akachukua mwiko, akaupitisha mara moja tu, polepole, akaiacha kazi ya Zuwena mahali pake. Zuwena alimbusu mkono ule wenye chokaa, na mzee akaacha abusu.

Walikuwa wameanza kujaza mchanga upande wa mashariki, juu ya nguzo na juu ya nyayo za mbwa, walipomwona Bi Enid akija kupitia alizeti. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alisimama ukingoni.

"Kile kiraka," alisema. "Ni kibichi?"

"Kibichi," alijibu Zuwena.

"Kwa hiyo kinasikia."

Zuwena alisita, kwa sababu hiyo pia ilikuwa kinyume cha sheria. Kisha akakumbuka taarifa aliyoituma na akaona hakuna alichobakiwa nacho cha kulinda isipokuwa ukuta wenyewe, na ukuta haungedhurika. "Kinasikia. Mchanga wa upande huu tutautia jioni."

Bi Enid alishuka. Safari hii alimpa Mjomba mkono wake amshike. Alifika mbele ya kona, akajaribu kuinama, magoti yakakataa, na Mjomba akamsogezea kiti chake kile cha siku ya kwanza. Akaketi, akaweka kiganja juu ya wekundu. Hakuna aliyemwambia avae glavu.

"Naitwa Enid Garland," alisema kwa sauti ya kawaida, ya jirani kwa jirani. "Nimelima pembeni yenu miaka sitini na mitano. Nilikuwa nazunguka. Babu yangu aliwavunjia mlango mara mbili kwa plau, hakujua, msameheni. Alizeti mwaka huu zimekubali."

Alifikiri kama kuna zaidi. Mjomba na Zuwena walisimama bila kugusa beleshi. Pembeni ya shimo trekta lilipita, likafika kwenye kinundu, likanyanyua majembe yake lenyewe, likaendelea.

Bi Enid akasogeza mdomo karibu na kiraka, akakohoa mara moja, kwa makusudi, kikohozi kizuri cha kusikika. Kisha akamwambia Zuwena wanaweza kuendelea.